Kipindi Ambacho Mama Hakumjua Mwizi

Mama yangu alinitesa kwa miaka mingi akiwa amekaa tu kwenye mkeka wake Kisarawe, anachambua mchele. Mimi nilikuwa naandika tamthilia ya upelelezi ya televisheni, yeye alikuwa anaitazama. Likifika tangazo la kwanza, lile la sabuni, simu yangu huku Kibaha inalia. Salamu sipewi. "Yule mwenye duka," anasema. "Nimeshamjua. Haya, kapike." Kisha anakata, na mimi nabaki nimeshika simu, nakitazama kipindi nilichokiumizia kichwa wiki nzima kikienda taratibu kumkamata mwenye duka.

Hakuwahi kukosea. Mauaji, wizi wa korosho, nyumba kuchomwa moto, mtoto wa tajiri kupotea, vyote alivimaliza kabla maji ya chai hayajachemka. Mimi nina hasira za karibu, na ushindani wa kijinga nilizaliwa nao, kwa hiyo msidhani nilikuwa nacheka. Leo nilimfanya mwovu awe mke mdogo, kipindi kijacho daktari, kinachofuata shemasi wa parokia. Mama aliwaokota mmoja mmoja.

Siku moja nilimfuata hukohuko Kisarawe nikamuuliza anajuaje. Hakuona hata haya kunieleza.

"Mwanangu, yule kijana wenu ghali, yule wa kwenye matangazo ya simu, hamwezi kumleta aje kusema 'karibuni' halafu aondoke. Nikimwona tu, ndiye. Asipokuwepo, natazama nani anamkaribisha Inspekta chai. Mtu mwenye msiba wa kweli hakumbuki chai." Akapuliza pumba kwenye ungo. "Kila siku mnapika chungu kilekile halafu mnafunika. Sasa mnamficha nani?"

Alisema kweli, na ndiyo maana iliniuma. Tamthilia yetu ilikuwa na njia yake moja tangu ianze. Mtu anakutwa amekufa, au mali imepotea. Inspekta anashuka kwenye gari na kuvua miwani ya jua hata kama mvua inanyesha. Watu watatu wanashukiwa, mmoja anakamatwa kimakosa, halafu Inspekta anaona kitu kidogo ambacho wenzake wote wamekikanyaga. Mwisho anawakusanya barazani na kusema, "Kaeni. Mmoja wenu leo halali kwake." Watoto wa mtaani kwangu Pangani, hii Pangani yetu ya Kibaha, walikuwa na mchezo wao wa maneno hayo, na ugomvi ulikuwa nani awe Inspekta. Pingu zinalia, mwovu analia, majina yanapita kwenye kioo kwa kasi, na langu sikuwahi kulisoma likaisha.

Basi nikaapa. Nitaandika kipindi kimoja, kimoja tu, ambacho mama hatamjua mwizi. Wenzangu walikuwa wanaota tuzo na safari za nje. Mimi nilitaka simu isilie.

Nilianza kwa kuficha. Nilificha mwovu ndani ya umati, nikamficha nyuma ya machozi, nikamficha hospitalini akiwa na mguu uliofungwa bandeji. Mama akamtoa. Nilikaa nikawaza mpaka nikaona kwamba mwovu akiwepo, hata umzike, mama atamfukua. Nikaamua asiwepo kabisa.

Kisa chenyewe nilikichukua nyumbani kwake.

Baba yangu alikuwa Mzaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu, akakukamatia kuku wako, akakuzuia njiani, na wewe huna haki ya kukasirika. Msibani ndipo anapofanya kazi yake kubwa, kwa sababu ni yeye tu anayeruhusiwa kuwachekesha waliofiwa. Baba alipofariki, siku ya kuanua matanga, koti lake la kazi na kofia yake vilitoweka chumbani. Tulivitafuta kimyakimya huku tukitazamana vibaya. Shangazi akamshuku mpangaji, mpangaji akamshuku shangazi. Halafu mchana, watu wamejaa chini ya turubai, baba akatokea kwenye kona ya nyumba. Koti lake, kofia yake, mkono mmoja nyuma ya kiuno, mguu wa kushoto unaburuzika kidogo, na kile kikohozi chake cha kutangulia neno.

"Nani kahamisha kiti changu?"

Alikuwa mtani wake, fundi uashi wa Kinyamwezi, jirani yetu. Mama, ambaye tangu mazishi hakuwa ametoa chozi wala neno, alicheka hadi akakaa mchangani. Kwenye kicheko hichohicho kilio kikatoka. Wanawake walimshika huku na huku, yeye analia na kucheka kwa pamoja, na jioni ile ndipo alipokula. Nimeona madaktari wengi, lakini tiba ya haraka namna ile sijaiona tena.

Hicho ndicho kisa nilichokipeleka kazini. Mzee anafariki Kibaha. Katikati ya matanga, koti lake, kofia yake na baiskeli yake vinaibwa. Inspekta anajiuliza nani anaiba nguo chakavu za marehemu, na anajijibu kwamba ni mtu anayetaka kuficha dalili za sumu. Hapohapo wizi unageuka kuwa mauaji. Wapo washukiwa watatu, ipo baraza, yapo yale maneno ya "Kaeni". Na pale Inspekta anapoinua kidole kumtaja muuaji, marehemu anaingia akisukuma baiskeli.

Mwongozaji wetu alisoma mpaka mwisho, kisha akageuza karatasi ya mwisho kuona kama kuna nyingine nyuma yake.

"Kwa hiyo nani kaua?"

"Hakuna. Mzee kafa kwa uzee wake."

"Na nani kaiba?"

"Hakuna. Mtani kachukua."

"Dada yangu, hiki ni kipindi cha upelelezi. Watu wanakaa muda wote ule wanasubiri pingu."

Mwigizaji wetu wa Inspekta alikuwa pale, na yeye ndiye aliyeumia zaidi. Alizitoa pingu mfukoni, maana alikuwa akitembea nazo hata siku ambazo hatupigi picha, akaziweka mezani. "Sasa hizi namvisha nani?"

"Zirudishe mfukoni," nikamwambia.

"Mashabiki wangu watanielewaje?"

Alinuna mpaka chakula cha mchana. Mimi nikapandisha hasira. Nikawaambia kwamba tumekuwa wapishi wa chungu kimoja, kwamba mama yangu mzazi anatucheka, kwamba kama wanaogopa kipindi kimoja kisicho na pingu basi wafunge kazi wakauze mitumba. Nilisema mengi. Nikiwa na hasira nina ufasaha ambao nikitulia siupati.

Mwongozaji si mtu wa kugombana, ni mtu wa kukwepa hasara. Akanisubiri nimalize, kisha akatoa sharti. Tutapiga miisho miwili, mmoja wangu na mmoja wa kawaida ambao mpwa wa marehemu anakamatwa kwa sumu. Kabla ya kipindi kurushwa, tutakwenda Kisarawe. Kila mtu kazini kwetu alishamsikia mama yangu, na wengine walikuwa wananiuliza Jumatatu kama amepiga simu.

"Akimtaja mtani kabla hajatokea, tunarusha mwisho wa pingu," alisema. "Asipomtaja, tunarusha wako. Na usimwambie neno."

Nilikubali papo hapo. Kisha nikaenda nyuma ya gari la vifaa, nikaegemea mlango. Mwongozaji hakujua kwamba kisa kile kilimtokea mama, kwenye uwanja wake mwenyewe. Nilikuwa nampelekea mtu koti la mume wake nikiomba asilitambue.

Tukapiga picha kwenye nyumba moja huku Pangani. Nafasi ya mtani nilimpa mzee mmoja mkulima wa Dutumi. Hakuwahi kuonekana kwenye televisheni, ila alishachekesha misiba ya kweli mingi kwao. Mpwa wa marehemu nikampa yule kijana ghali wa matangazo ya simu, nikamvalisha shati jeupe lililopigwa pasi, na nikamwandikia yeye ndiye ampelekee Inspekta chai. Ndoano ile niliitia chambo mara mbili.

Mzee wa Dutumi alipofika alisalimia wote, akakaa, akaniuliza swali ambalo hakuna mwigizaji aliyewahi kuniuliza.

"Mwanangu, huyo marehemu alikuwa anatembeaje?"

"Sijaandika hilo, mzee."

"Basi huyo hajafa, maana hakuwahi kuishi. Nitamwigaje?"

Nikasimama. Mbele ya kamera, mafundi wa taa na akina mama waliokuwa wanapika pilau ya msiba wetu wa uongo, nikakatiza uwanja na mkono nyuma ya kiuno, mguu wa kushoto nikiuburuza. Nikakohoa. Nikauliza kiti changu kimehamishwa na nani. Mzee akanitazama bila kucheka. Akachukua koti, akalivaa, akaenda hadi kona ya nyumba, akarudi. Niliomba dakika chache, nikaingia ndani nikanawa uso.

Kulikuwa na ugomvi mwingine mdogo. Mwanzoni mwa kipindi, mazikoni, nilimweka yule mzee kando ya michongoma anacheka peke yake. Inspekta anamkemea, "Mzee, msibani unacheka nini?" naye anajibu, "Mshenzi huyu kaondoka bila kuniaga." Mwongozaji akataka tuikate, kwa sababu Mzaramo yeyote ataelewa palepale. Nikakataa. Kama ni kumshinda mama, nimshinde mtani akiwa mbele ya macho yake. Kushinda kwa kumficha mtu ndani ya gunia hata mimi ningeona aibu kuwasimulia.

Jumamosi iliyofuata tulizunguka kwa upande wa Pugu tukapanda Kisarawe, mimi, mwongozaji na Inspekta, ambaye alisema anakuja kuona haki inatendeka. Alikuwa na matumaini na mwisho wake wa pingu, na hakuyaficha. Mtaa ulijaa watoto kabla hajafunga mlango wa gari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, wanangu. Inspekta, umekuja kunikamata?"

"Ukinisaidia leo, mama, namkamata mwanao."

Walipatana mara moja, jambo ambalo halikunipendeza. Mwongozaji akaunganisha kompyuta yake na televisheni ya mama, akamweleza kwamba anataka maoni yake, basi. Mama akavuta ungo wake mapajani, akasema tumweke hapo anapoona vizuri, tusimpigie kelele.

Kipindi kikaanza. Turubai, akina mama, jamvi. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya mlango nikitazama vidole vyake. Yakafika mazishi. Yule mzee akacheka kando ya michongoma, akasema lile neno la mshenzi kaondoka bila kuniaga. Vidole vya mama vikasimama.

Mama akafyonya. "Mzee huyu hana adabu. Msibani unacheka?"

Vidole vikaendelea. Mwongozaji akanigeukia, nami nikayatazama mabati. Sikuthubutu hata kutabasamu.

Koti likapotea, baiskeli ikapotea, Inspekta wa kwenye televisheni akavua miwani. Kijana ghali akatokea na shati lake jeupe, akamimina chai, akasema, "Karibu, Inspekta." Mama akaweka ungo chini. Akajifuta mikono kwenye kanga kwa raha zake zote.

"Huyo. Kampa mjomba wake sumu, mzee katapikia koti, ndiyo maana kaliiba. Baiskeli kaichukua kuwapoteza tu. Nimeshamjua."

Inspekta wetu, yule wa kweli aliyekaa kwenye kochi, akapiga goti lake kwa furaha, maana huo ndio ulikuwa mwisho wake. Mwongozaji akauliza polepole, "Una hakika, mama? Hutaki kubadilisha?"

"Mwanangu, mie sikuanza leo."

Tukafika barazani. "Kaeni. Mmoja wenu leo halali kwake." Kidole kikainuka kuelekea kwa mpwa, mama akatikisa kichwa kuwaunga mkono polisi, na kwenye kona ya nyumba ikatokea ncha ya gurudumu la baiskeli. Kisha koti. Kisha mkono nyuma ya kiuno, na ule mguu.

"Nani kahamisha kiti changu?"

Kwenye televisheni wafiwa walipiga makelele, wakakimbizana, kisha mmoja akaelewa na kicheko kikatambaa jamvi zima. Mtani akamwendea Inspekta na kumuuliza, na wewe umekuja kula au kufunga watu? Inspekta akazitazama pingu, akazirudisha mfukoni, akapokea sahani ya pilau akakaa na wenzake. Mwisho.

Sebuleni, mama alikuwa ameshika mdomo wake. Nikaogopa, na hofu ile haikuhusu tena miisho miwili. Niliogopa kwamba nimemchezea msiba wake.

"Rudisha nyuma," akamwambia mwongozaji. "Pale anapotembea."

Akarudisha. Mama akasogea mbele mpaka kwenye ukingo wa mkeka.

"Tena."

Akarudisha tena. Mama akanigeukia. "Ule mguu kafundishwa na nani?"

"Na mimi, mama."

Ndipo alipoanza. Kilianza tumboni, kikapanda mabegani, na kilipotoka alikuwa anapiga mkeka kwa kiganja na machozi yanamtiririka. "Ala! Mie Mzaramo, nimezaliwa hapa, nimezika hapa, mtani ananicheka mbele ya macho yangu namwita hana adabu! Mambo yametokea kwangu, hapo nje! Mie nilikuwa natafuta mwizi wa televisheni!"

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," nikamwambia. Msemo huo alinilea nao, kwa hiyo niliutamka taratibu, nikaufaidi kila neno.

"Nimekubali. Umenifunga, mwanangu. Umenifunga kwa mpira wangu mwenyewe."

Nilitoka nje mbio nikazunguka nyumba, mtu mzima, mwalimu niliyeacha chaki nikaandike tamthilia, mbele ya watoto wa mtaa mzima. Sioni aibu. Nilikuwa na furaha ambayo miguu iliijua kabla ya kichwa. Niliporudi, Inspekta wetu alikuwa amevaa miwani yake ya jua ndani ya nyumba, na chini ya miwani mashavu yalikuwa yamelowa. Akamwambia mwongozaji kwamba ule mwisho wa pingu aufute, asiuache hata kwenye kompyuta. Mwongozaji akasema sharti ni sharti, akaufuta mbele yetu.

Kipindi kiliporushwa nilikwenda kukitazama Kisarawe. Sebule ilijaa hadi mlangoni, na yule fundi uashi, mtani wa baba, alipewa kiti mbele. Kabla ya tangazo la sabuni watu walikuwa wameshaanza kelele. Ni mpwa! Hapana, ni mke mdogo, mtazame macho yake! Yule mzee alipocheka kando ya michongoma, fundi akashtuka, akageuka, akafungua mdomo. Mama alimtupia jicho moja, na mtani aliyetukana watu wa Kisarawe kwa maisha yake yote akaufunga.

"Mama, leo mbona kimya?" jirani mmoja akauliza. "Wewe ndiye bingwa wetu. Nani?"

"Tazameni," mama akasema. "Mwenye macho haambiwi tazama, lakini nyie nawaambia."

Wakakosea wote. Wote, nyumba nzima, Wazaramo watupu waliokulia na watani. Gurudumu lilipotokea kwenye kona kicheko kililipuka kikatikisa mabati, na watu wakaanza kumpiga fundi mgongoni na kumvuta kofia. Mama hakucheka. Aliinuka mkekani, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akamtazama yule mzee anayeburuza mguu kwenye kioo mpaka alipokifikia kiti chake. Kisha mama yangu akapiga kigelegele, kirefu, katikati ya msiba, na nyumba nzima ikampokea.